Duara Katika Hesabu

Hesabu ni elimu inayopenda mwanzo na mwisho. Apimaye mahindi huanza na pishi ya kwanza akakoma kwenye ya mwisho; ajengaye nyumba huhesabu mawe ya msingi kabla ya kuhesabu makuti ya paa. Walakini zipo hesabu ambazo hazina mlango wa kuingilia. Ukitaka kuijua namba ya kwanza huna budi uijue ya pili. Ukiiendea ya pili, nayo hukurudisha kwa ya kwanza. Mtu aulizaye njia kwa ndugu wawili, kila mmoja akamwambia, "Kamwulize mwenzangu," atazunguka mpaka jua litue asipate jibu. Watumiao kompyuta hukutana na jambo hili ndani ya lahajedwali, na jina lake huko ni rejeo la mzunguko. Wengi huliona kuwa ni udhia mdogo wa mashine. Mimi, ambaye nimefundisha hesabu na kukagua vitabu vya vyama vidogo kwa miaka mingi, naliona kuwa ni swali juu ya ukweli wa namba: kila namba tuiandikayo imesimama juu ya nini?

Yafaa nieleze kwanza kwa ajili ya msomaji ambaye hakulelewa na mashine hizi. Lahajedwali ni karatasi ya kompyuta iliyogawanywa kwa mistari ya kusimama na ya kulala, na kila kisanduku chake huitwa seli. Mistari ya kusimama hupewa herufi na ya kulala hupewa tarakimu, hivyo kila seli ina anwani yake, kama A1 au C7. Ndani ya seli mtu aweza kuandika namba, au aweza kuandika fomula, yaani amri ya kuipata namba kutoka katika seli nyingine. Zamani mhasibu aliifanya kazi hii kwa kalamu ya risasi na kifutio. Ilipobadilika bei moja katika mstari wa juu, ilimpasa kufuta na kuandika upya kila jumla iliyoitegemea bei ile. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston, watu wa Marekani, walitoa VisiCalc, lahajedwali la kwanza kuuzwa kwa wingi kwa kompyuta ndogo za mezani, na kifutio kikapumzika. Namba moja ilipobadilika, nyingine zote ziliifuata.

Lakini utii huo ulileta swali la zamu. Ikiwa seli mia zinategemeana, ipi ihesabiwe kwanza? VisiCalc ilihesabu kwa kufuata mistari, ama ya kusimama ama ya kulala, bila kutazama nani anamtegemea nani. Basi aliyeandika fomula mahali pasipofaa aliweza kupata jibu lililokwisha kupitwa na wakati. Njia iliyo bora ilikwisha kuonyeshwa mwaka 1969 na Rene Pardo na Remy Landau katika programu yao iliyoitwa LANPAR: mtumiaji aandike popote apendapo, na mashine yenyewe itafute utaratibu wa kweli wa utegemezi. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliufuata utaratibu huo wa asili, na Excel ya leo nayo huufuata. Kwa ufupi, huhesabiwa kwanza seli isiyoingoja nyingine, kisha zile zilizokuwa zikiingoja hiyo, na kuendelea hivyo mpaka zote zikwishe. Hapo ndipo duara linapojifichua. Iwapo seli zote zilizo tayari zimekwisha kuhesabiwa, na bado zimebaki seli ambazo kila mojawapo inaingoja nyingine, basi miongoni mwake mna duara.

Excel ikifika hapo hutoa onyo. Chini ya skrini huandika anwani ya seli mojawapo iliyomo katika duara, na katika sehemu ya kukagua makosa ya fomula hutoa orodha ya anwani, ili mtu afuate mshale kwa mshale mpaka auone uzi ulipojifunga. Lakini programu hiyo ina ruhusa nyingine pia: mtumiaji aweza kuiamuru iyakubali maduara na kuyahesabu kwa marudio. Akifanya hivyo onyo hunyamaza. Desturi ya mashine, isipobadilishwa, ni kurudia mara 100, au kukoma mapema iwapo badiliko kati ya duru mbili limekuwa dogo kuliko 0.001. Ruhusa hii ni dawa, na kama zilivyo dawa nyingi, yaweza kuwa sumu kwa asiyejua maradhi anayoyatibu.

Nimepata kuyaona yote mawili, dawa na sumu, katika faili moja. Chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja jina, kiliniomba nizitazame hesabu zake kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Wanachama wake walikuwa wauza samaki, mafundi cherehani, mama lishe na wakulima wa bustani. Watu wanaoweka akiba yao elfu mbili leo na elfu tano kesho, na ambao kwao gawio la mwisho wa mwaka ni ada ya shule au bati la paa. Faili ya hesabu iliandikwa na kijana aliyekwisha kuondoka, akairithi karani mpya. Ikifunguliwa katika kompyuta ya karani, faili hiyo ilionyesha kwamba chama kimepata hasara kubwa. Ikifunguliwa katika kompyuta ya mweka hazina, ilitoa onyo la mzunguko na kukataa kuihesabu jumla ya matumizi. Mkutano ulikuwa umebakiza siku nne.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema karani. "Bi Mweka Hazina anadhani nimezichezea namba, na mimi sikugusa kitu."

"Marahaba, mwanangu. Kila namba ina wazazi wake. Tutawatafuta wazazi wa hizi kabla ya kumshuku mtu."

Mweka hazina, mama wa makamo aliyewajua wanachama wote kwa majina na kwa majina ya watoto wao, hakutulizwa na maneno yale. "Mwalimu, wewe utarudi kwako," alisema. "Mimi ndiye nitakayesimama mbele yao. Wakiniuliza fedha zimekwenda wapi, niwaambie zimezunguka?"

Neno lake lilikuwa la haki. Katika chama cha watu wa hali ya chini, namba iliyopotoka si kosa la karatasi; ni jina la mtu linalochafuka sokoni, na ni akiba zinazotolewa kwa hofu siku ya pili.

Ugomvi wa kompyuta mbili ulikuwa na sababu rahisi. Katika Excel ruhusa ya marudio haikai ndani ya faili moja peke yake; hutawala faili zote zilizo wazi, kwa kuifuata ile iliyofunguliwa kwanza. Faili ya hesabu ilikuwa imehifadhiwa pamoja na ruhusa hiyo, na karani aliifungua moja kwa moja. Mweka hazina alizoea kufungua kwanza daftari la wanachama, ambalo halikuwa na ruhusa. Kwa hiyo mashine ya kijana ilinyamaza na kuzunguka, na mashine ya mama ilipiga kelele na kusimama. Kumbe aliyepigiwa kelele ndiye aliyeambiwa kweli.

Tuliifuata mishale, na duara la kwanza tulilikuta katika jumla ya matumizi madogo. Palikuwa na karatasi, nauli, umeme, maji na mengineyo, seli tisa, na jumla yake halisi ilikuwa shilingi 450,000. Fomula ya jumla ilikaa katika seli ya kumi, lakini iliamriwa ijumlishe seli zote kumi, yaani pamoja na yenyewe. Duru ya kwanza ilipata 450,000. Duru ya pili ilizikuta seli tisa na juu yake ikaikuta 450,000 yake yenyewe, ikapata 900,000. Duru ya tatu ilipata 1,350,000. Baada ya duru 100 ilikuwa imefika 45,000,000, na hesabu ilipofanywa upya iliongezeka tena kwa kiasi kile kile. Chama kidogo kikaonekana kimemaliza mali ya kununulia basi kwa ajili ya karatasi na nauli. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na seli iliyojitolea ushahidi yenyewe, na kila iliporudia ushahidi wake ilijiamini zaidi. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa ngoma ilijiwamba yenyewe.

Duara la namna hii halina dawa ila kulikata. Ukiliandika kwa aljebra utaona kwa nini. Linasema kwamba kuna namba fulani iliyo sawa na namba hiyo hiyo pamoja na 450,000, na namba ya namna hiyo haipo duniani. Tuliifupisha amri ikome kwenye seli ya tisa, na jumla ikarudi 450,000.

La pili lilikuwa jingine kabisa. Kanuni za chama zilisema kwamba watumishi wapewe bonasi ya asilimia 10 ya ziada itakayobaki baada ya kuiondoa bonasi yenyewe. Ziada ya mwaka ule kabla ya bonasi, matumizi yalipokwisha kusahihishwa, ilikuwa 11,000,000. Ili kuijua bonasi yatakiwa kuijua ziada iliyobaki; ili kuijua ziada iliyobaki yatakiwa kuijua bonasi.

"Na hili nalo tulikate, Mwalimu?" aliuliza karani.

Nilimzuia. Duara la kwanza lilitoka katika mkono wa aliyeandika. Hili lilitoka katika mapatano ya watu. Wanachama walikusudia kwamba watumishi wapate kwa kadiri wao wenyewe wanavyopata, wala si kabla yao. Kulikata duara hili kungekuwa kuibadili ahadi kwa ajili ya kuifurahisha mashine. Angeliandika asilimia 10 ya 11,000,000, bonasi ingalikuwa 1,100,000, na 100,000 zingaliondoka katika gawio la watu pasipo azimio la mkutano.

Wataalamu wa kale waliijua tofauti hii kabla ya umeme. Al-Khwarizmi aliandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi. Mna ndani yake mlango juu ya hesabu ya dawr, yaani mzunguko, neno lenye asili moja na maneno yetu duru na duara. Nitatoa mfano wangu wa namna hiyo. Mgonjwa wa maradhi ya mauti, mwenye dinari 100 tu, anampa mtu zawadi. Zawadi hiyo ina hukumu ya wasia, haivuki theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi. Aliyepewa akafa kwanza, asiache kitu kingine, na mgonjwa akamrithi nusu ya zawadi ile ile. Kisha mgonjwa naye akafa. Zawadi ikubaliwe kwa kiasi gani? Mali ya mgonjwa imeongezeka kwa sababu ya zawadi, na zawadi inaongezeka kwa sababu ya mali. Jibu ni dinari 40: nusu yake, 20, hurudi, mali huwa 120, na theluthi ya 120 ni 40. Msomaji wa pwani yetu, ambako elimu ya mirathi imesomeshwa kwa karne nyingi, hatakosa kuona kwamba rejeo la mzunguko si mgeni aliyeletwa na kompyuta.

Njia ya kwanza ya kulitatua, basi, ni ile ya aljebra: kukipa jina kisichojulikana, kuliandika duara kama usawa, na kulifungua. Bonasi ya chama chetu ikiwa sehemu moja ya kumi ya kinachobaki, basi ni sehemu moja ya 11 ya ziada yote, yaani 1,000,000. Zinabaki 10,000,000, na asilimia 10 yake ni 1,000,000. Duara limekwisha, na haki imebaki mahali pake.

Njia ya pili ni ya marudio, nayo ni ya heshima ikitumiwa kwa ujuzi. Anza kwa kusema bonasi ni sifuri. Asilimia 10 ya 11,000,000 ni 1,100,000. Iondoe, zinabaki 9,900,000, na bonasi mpya ni 990,000. Rudia, utapata 1,001,000, rudia, 999,900, kisha 1,000,010. Kila duru kosa hupungua mara kumi, kama mwangwi unaofifia, mpaka namba itulie. Gauss aliieleza hesabu ya namna hii katika barua kwa mwanafunzi wake mwaka 1823, Seidel akaichapisha mwaka 1874, na mwaka 1922 Stefan Banach wa Poland alitoa nadharia inayobainisha sharti ambalo likitimia utulivu una hakika: kila duru iwe inayafupisha makosa kwa kipimo kisichofika moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa sharti hilo.

Sharti likikosekana, marudio humpoteza mtu hata kama jibu lipo. Chukua namba iliyo sawa na mara mbili ya tofauti kati ya 3 na namba hiyo yenyewe. Aljebra hutoa 2 mara moja. Marudio yakianza na sifuri hutoa 6, kisha 6 pungufu ya sifuri, kisha 18, kisha 30 pungufu ya sifuri, na kuendelea kuyumba kama ngalawa iliyokatika matengo. Baada ya duru 100 mashine hukoma kwa kuchoka, si kwa kufika, na namba iliyobaki katika seli huvaa sura ile ile ya namba ya kweli. Kuna hatari nyingine. Kosa likiingia mara moja ndani ya duara, kwa mfano mgawanyo kwa sifuri, kosa hilo huilisha seli ya pili, nayo huirudishia ya kwanza, wala haliondoki hata sababu yake ikiondolewa. Ndiyo maana wajuzi huweka swichi, seli moja yenye 1 au 0, na fomula isemayo kwamba ikiwa 0 duara lisimame na lishike sifuri. Mwenye kuwasha moto shambani hutangulia kulima ukingo.

Kwa chama kile nilichagua aljebra. Faili iliandikwa upya kwamba bonasi ni ziada igawanywe kwa 11, na ruhusa ya marudio ikaondolewa, ili duara lolote litakaloingia kesho lipige kelele katika kila kompyuta. Sikuchagua hivyo kwa kuwa marudio yangekosea. Yangetulia kwenye shilingi ile ile. Nilichagua hivyo kwa sababu ya wenye mali. Namba ya watu yapasa iweze kupimwa na watu.

Siku ya mkutano jambo hili lilijaribiwa. Fundi cherehani mmoja alisimama akauliza, "Kanuni yetu yasema asilimia 10. Mbona karatasi yasema moja ya 11? Hiyo moja imeingia kwa mlango gani?" Mweka hazina hakunitazama. Alichukua chaki akachora visanduku 11 ubaoni. "Watumishi wapate moja kila sisi tupatapo kumi," alisema. "Hiki kimoja ni chao, hivi kumi ni vyetu. Hesabu mwenyewe, fundi, vyote ni vingapi?" Fundi alihesabu kwa kidole, akakubali kwa kichwa, akakaa. Maneno ya mama yule yaliishinda mishale yangu yote, maana alilifungua duara kwa namna ambayo hata asiyejua kusoma aliweza kuliona. Gawio lilipitishwa siku ile ile, na jina la karani likabaki safi.

Kwa wanafunzi watakaoshika hesabu za watu napenda kuacha ushauri huu. Onyo la mashine lisikutie aibu, wala usilinyamazishe kabla hujalisikiliza. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Likitokea, fuata mishale mpaka uujue mzunguko wote, kisha jiulize umetoka wapi. Ikiwa umetoka katika mkono uliojumlisha kilichokwisha kujumlishwa, ukate bila huruma. Ikiwa umetoka katika jambo lenyewe, kama bonasi na ziada, kodi na mshahara, riba na deni, usiukate kwa kusingizia kwamba utegemezi haupo; ufungue kwa aljebra ukiweza, na usipoweza, rudia kwa sharti linalojulikana, na swichi iwe karibu na mkono wako. Watu wawili wanaotegemeana si waongo kwa kutegemeana kwao, madhali kuna kitu nje yao kilicho thabiti: hapa zilikuwapo shilingi 11,000,000 zilizopatikana kwa jasho, na kanuni iliyopigiwa kura. Seli iliyojijumlisha yenyewe ilikuwa nazo 450,000 za kweli mbele yake, lakini haikuridhika nazo. Kila upewapo namba na kuambiwa uiamini, tafuta kwanza kile kilicho nje yake kinachoishikilia. Na ukikipata, mwonyeshe mwenye mali naye akione.